Mfuko wa Mwisho wa Kitambaa

Mukalay hakukaa mpaka alipofutiwa kiti. Alisimama katikati ya sebule, mkoba kwapani, akatazama dari, akatazama kuta, akamwacha Mwenze ahangaike na upindo wa shati lake juu ya kiti kisichokuwa na vumbi lolote. Mwaka uliotangulia huyuhuyu Mukalay alikuwa akimwita Mwenze kaka mkubwa, na akimsubiri mlangoni mwa karakana ili warudi nyumbani pamoja. Sasa wakubwa wake walikuwa wamelala juu ya mizigo yao stesheni ya Kolwezi wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, na yeye amekuwa mkuu wa mambo ya jamii katika kampuni. Kupanda kwake hakukumtoa jasho. Waliokuwa juu yake walifukuzwa, basi, kiti kikabaki.

"Mama Godelieve eko?" aliuliza, ingawa alikuwa amemsikia akikohoa upande wa jikoni.

Godelieve, mke wa Mwenze, akatoka na bisibisi mkononi. Alikuwa akifungua redio ya jirani aliyeahidi kumpa kikombe cha maharagwe endapo itaongea.

"Karibu, tata Mukalay."

"Asante, mama. Sitakawia. Foyer haina monitrice, mwalimu wa kushona. Mwenye alikuwa nayo ile kazi eko pa gare." Alisema gare, yaani stesheni, kama mtu anayesema fulani kaenda sokoni. "Tunatafuta mama wa hapa petu, mwenyeji. Bantu bamenitajia wewe."

Mwenze, aliyekuwa bado amesimama kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, alisogea karibu. Karakana haikuwa imemlipa tangu msimu wa mvua uliopita, na duka la kampuni lililokuwa likiwagawia wafanyakazi unga lilikuwa limefungwa kwa mnyororo.

"Makuta ya kukulipa haiko, sitakudanganya," Mukalay aliendelea. "Lakini misheni bado inaleta unga ya foyer. Monitrice anabeba gunia yake kila mwisho wa mwezi, na mafuta ya kupikia. Jumatatu asubui nitakuwa kule. Ukuye na kitambaa yako. Uko nayo, si vile?"

"Iko," alisema Godelieve.

Hakuwa amedanganya. Alikuwa nacho kweli. Mukalay akanywa maji aliyopewa, akaacha nusu, akaondoka bila kumpa Mwenze mkono.

*

Kitambaa kile kila mwanamke wa mtaa wa kampuni alikijua. Foyer ilikuwa nyumba ndefu nyuma ya zahanati ambako wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kuoka na kulea watoto. Aliyemaliza masomo ya kushona alipewa kipande cha kitambaa cheupe, naye alitakiwa kukitia kila alichojifunza: upindo, kiraka, tundu la kifungo, rinda, ukosi. Kazi ya mwisho ilikuwa mfuko wa kukata, ule ambao lazima upasue kitambaa kizima katikati ndipo uutie ndani, na ukikosea hakuna dawa. Kisha ulitarizi jina lako pembeni kwa uzi mwekundu. Mwanamke mwenye kitambaa alitembea njiani tofauti na wengine. Kuna walioolewa kwa kitambaa hicho, na kuna mmoja aliyezikwa nacho.

Cha Godelieve kilikuwa na kila kitu isipokuwa mfuko na jina. Alipofika hapo, siku ile Mama Bilonda, monitrice wao, alipompa makasi na kumwambia akate, aliyaweka mezani akasema atarudi kesho. Kesho yake alikuwa kwa mwoka mikate wa kitongoji cha Manika, anajifunza kuwasha tanuri. Alioka mpaka akaijua hamira kuliko mwenye tanuri, halafu akaenda zahanati kusaidia kufunga vidonda. Baada ya hapo zikaja redio, baadaye kuandika vibao vya maduka kwa rangi, halafu kinanda cha kwaya. Hakuwa mvivu hata kidogo, na waliosema ni mvivu walisema hivyo kwa kukosa neno. Kila kitu kilimvuta, na kila alipokaribia kukishika sawasawa, kingine kilimwita kutoka upande wa pili wa barabara.

"Chagua, Godelieve," Mama Bilonda alizoea kumwambia. "Siku moja batakuuliza unajua nini, na utaanza kuhesabu kwa vidole."

Mtaani walimcheka bila ubaya mwingi. Mama mkwe wake, Adolphine, ndiye aliyecheka kwa ubaya. Alikuwa akiwaambia wageni kwamba mwanawe ameoa wanawake saba, na wote wanakula kwenye sahani moja.

Ila mwaka ule hakukuwa na kicheko. Rachelle, binti yao wa miaka minne, alikuwa ameanza kubadilika nywele. Zilikuwa zimetoka kwenye weusi zikaenda kwenye rangi ya majani makavu, na miguu yake ukiibonyeza kwa kidole, alama ilibaki. Godelieve alikuwa amefanya kazi zahanati muda wa kutosha kujua maana yake. Alijua pia kwamba dawa yake ni chakula, na kwamba chakula hakinunuliwi kwa kujua dawa.

*

"Kintu moja tu!" Mwenze alifoka mara Mukalay alipotoweka kwenye kona. "Ungemaliza kintu moja tu, mama Rachelle! Leo tungekuwa tunaimba humu ndani!"

"Na wewe ulimaliza," alijibu Godelieve. "Uko na diplome, cheti ya kuunga chuma. Tunaikula na mboga ya sombe?"

Alijuta papo hapo. Mwenze alikaa kwenye kiti alichokifuta kwa shati lake, akatazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya fundi wa kweli, na miezi mingi sasa haikushika chochote zaidi ya jembe la kuazima.

Rachelle aliingia akauliza kama tayari. Kila alipoingia siku hizo aliuliza hivyohivyo, bila kusema nini kiwe tayari.

"Bado, mama," Godelieve alimwambia. "Enda ukacheze."

"Miguu inauma."

Hapo ndipo Adolphine alipotoka chumbani. Mama huyu alikuwa mtu wa sala, wa kanzu ya kijani ya akina mama wa parokia, na alikuwa na tabia ya kuingia kwenye ugomvi ukishapoa. Mkononi alikuwa na kitu kilichokunjwa vizuri. Alikifungua juu ya meza, taratibu, kama anayetandika altare.

Kilikuwa kitambaa cheupe kilichokamilika. Matundu ya vifungo yalikuwa yamepangana sawasawa, ukosi umelala, na mfuko wa kukata ulikuwa umenyooka hata usijue ulianzia wapi. Pembeni, kwa uzi mwekundu, kulikuwa na jina: BILONDA.

"Mama," Mwenze alisema polepole. "Ile siku ya kumufukuza mama Bilonda ulituambia ulienda pa nyumba yake kuombea bantu."

"Niliombea! Halafu nikakuta bantu bote banabeba. Viti, sufuria, mpaka mulango ya choo. Mashini yenyewe ya kushona balishabeba mbele. Hii ilikuwa chini, banaikanyaga. Ningeiacha, mutu angepangusa nayo miguu." Alimgeukia mkaza mwana wake na sauti ikawa laini. "Ni jina tu ya kutoa, mutoto wangu. Unatoa yake, unatia yako. Mukalay anajua nini ya matundu ya bifungo?"

Godelieve hakukigusa. Alikuwa akikijua kitambaa kile kuliko alivyojua chake, kwa sababu kilitundikwa ukutani mwa foyer miaka yote aliyosoma pale. Mama Bilonda alikuwa akiwaonyesha kwa fimbo: hapa mshono unarudi, hapa unapumzika. Kwa hiyo siku ile walipomfukuza alikuwa amekitoa ukutani akaenda nacho nyumbani, na nyumbani nako wakamfuata.

"Mama Bilonda eko na diplome?" Mwenze aliuliza.

"Njo hii kitambaa," Godelieve alisema. "Haiko na nyingine. Akifika Kasai, atawaonyesha nini?"

"Batamuamini kwa mudomo," alisema Adolphine. "Kule ni kwabo."

"Alizaliwa hapa, mama. Hapa Kolwezi. Wewe mwenyewe ulimukuta hapa ulipotoka Lubudi."

Adolphine akasema neno ambalo mtu hawezi kumlaumu sana, kwa kuwa lilikuwa kweli, na ukweli wake ndio uliouma: "Hata Rachelle alizaliwa hapa. Umuangalie nywele."

*

Jumamosi asubuhi Godelieve alifunga vitambaa vyote viwili ndani ya kanga, chake na cha Bilonda, akaenda stesheni. Mwenze alimuuliza anakwenda kukirudisha kile cha Bilonda au kukiomba. Alijibu kwamba hajui. Hiyo pia ilikuwa kweli, na ilimtia hofu njia nzima.

Aliyeiona stesheni ile miezi ile haisahau. Watu walikuwa wametandaza maisha yao kando ya reli: magodoro, masufuria, cherehani bila meza, meza bila cherehani, picha za harusi zilizofungwa kwa kamba. Wengine walikuwa wamebeba hata madirisha ya nyumba zao. Vyoo havikuwepo vya kutosha, maji yalitoka kwenye bomba moja, na treni ilikuja siku ilipojisikia. Walikuwa makarani, walimu, madereva wa mitambo, wauguzi. Kosa lao lilikuwa kwamba babu zao waliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, na sasa shaba haikutosha kwa wote.

Godelieve alipita katikati yao kichwa chini, lakini hakuweza kupita kimya.

"Mama wa mikate!" alimwita mzee mmoja.

"Mama wa radio, redio yangu ingali inaongea, sikia!" alisema mwingine.

Mwanamke aliyekuwa ananyonyesha akamwonyesha kovu kwenye goti. "Ulinifunga hii kidonda, unakumbuka?"

Alikumbuka. Alimsalimu kila mmoja kwa Kiluba cha Kasai, "Moyo, mamu, moyo, tatu," yaani salamu mama, salamu baba, kwa sababu hata lugha hiyo alikuwa amejifunza kwa kupenda tu, akishona kwa Bilonda na kusikiliza nyimbo zake. Wote waliomjua kwa kazi zake walikuwa pale, na hiyo ilimchoma moyo. Mtaa uliobaki nyuma yake ulikuwa nusu ya watu wake.

Mama Bilonda alikuwa ameketi juu ya sanduku, mgongo wima, kama yuko darasani. Mumewe alikuwa kwenye foleni ya maji. Alimwona Godelieve tangu mbali, na hakuinuka.

"Umekuja kunisalimia ao kunirithi?"

Godelieve alipiga magoti mavumbini. Akafungua kanga, akatoa kitambaa chenye jina jekundu, akakiweka mapajani mwa mwalimu wake kwa mikono miwili.

"Nani alikuwa nayo?"

"Ilikuwa kwetu, mama."

Mama Bilonda aliangalia reli. Mashavu yake yalitikisika mara moja, kisha yakatulia. "Adolphine. Nilimushonea ile kanzu ya parokia. Sikumulipisha ata uzi."

"Mutusamehe."

"Usinitajie samahani, niko na njaa. Sema kyenye kimekuleta. Kurudisha kitambaa ungetuma mutu."

Basi Godelieve akasema yote. Alisema Mukalay, gunia la unga, Jumatatu. Alisema wazo la kufumua jina, na hakumtaja aliyelitoa. Mwisho akasema nywele za Rachelle.

Gauni la ubatizo la Rachelle alilishona Bilonda mwenyewe, na aliposikia neno nywele alifunga macho.

"Miguu nayo?"

"Inabonyea, mama."

"Miaka yote nilikuambia chagua, haukuchagua. Leo unakuya kuchagua, na unachagua kiti yangu." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Mi nilichagua kintu moja, Godelieve. Sikuoka, sikuimba, sikutengeneza radio. Nilishona. Unaniona? Njo hapa kushona kunanifikisha. Kwa hiyo sijui tena nikuambie nini. Lete yako nione."

Godelieve akamkabidhi kitambaa chake. Bilonda alikipitisha vidoleni, akavuta uzi mmoja, akaguna.

"Matundu mazuri. Ukosi muzuri kupita yangu, shetani weye. Na hapa?" Alionyesha mahali peupe palipobaki wazi, pa mfuko. "Ungali unaogopa?"

Watu waliokuwa karibu walianza kuvuta mizigo yao, naye Godelieve akavirudisha vitambaa vyote viwili ndani ya kanga yake. Vijana watano wa lile kundi lililowafukuza watu hawa majumbani mwao walikuwa wanapita kando ya reli, vitambaa vimefungwa kichwani, fimbo mikononi. Walikuwa wakija mara kwa mara kuhakikisha hakuna aliyerudi mtaani kwa mlango wa nyuma. Mmoja, mrefu, mwenye kofia ya chuma ya mgodini ambayo haikuwa yake, alisimama mbele ya Godelieve.

"Weye. Nilikusikia pale unasalimia. Moyo, moyo. Uko wa wapi?"

"Wa hapa. Baba yangu ni wa Kabongo, jimbo hii hii."

"Bote banasema baba yabo ni wa Kabongo. Jina?"

"Godelieve."

Kijana akainama, akanyakua vitambaa vyote viwili kutoka kwenye kanga ya Godelieve. Alikuwa mtoto wa mtaa wa kampuni; hakumjua Bilonda kwa sura, kwa kuwa foyer ilikuwa ya wanawake, lakini mama yake bila shaka alikuwa na chake sandukuni, na alijua kutazama pembeni, penye jina. Mtaani kule kitambaa cha foyer kilisema mtu ni nani kuliko karatasi yoyote ya serikali. Alisoma herufi nyekundu kwa sauti, akicheka.

"Bilonda! Kumbe. Unatudanganya Godelieve, na jina yako iko hapa. Monitrice Bilonda, tulikutafuta wiki nzima pa nyumba yako." Akamshika mkono. "Uko unafanya nini upande wa njia? Kaa kwenye mizigo ya benzako. Na kama ulirudi pa nyumba yako, utatueleza kule nyuma ya magodoro."

Nyuma ya magodoro kulijulikana. Waliopelekwa huko walirudi wakichechemea, na wanawake walirudi bila kusema. Godelieve alihisi mkojo umemponyoka kidogo, nami nalisema kwa sababu hofu ni hivyo, si vingine.

Mama Bilonda akainuka.

"Mwachilie. Bilonda ni mi, na sijatoka hapa pa mizigo yangu."

"Nani anasema?"

"Mi nasema. Kitambaa yenye kuisha, yenye jina, ni yangu. Ya huyu ni ile ingine. Uifungue. Uifungue, tata, usiogope, haiumi." Kijana akakifungua kitambaa cha pili. "Unaona mufuko? Haiko. Unaona jina? Haiko. Miaka ngapi anazunguka na ile nguo, hayaimalize. Huyu mwanamuke anaweza kuwa mi? Kolwezi yote inamujua. Alianza mikate akaacha. Alianza zahanati akaacha. Radio, vibao, kinanda ya kanisa. Uulize mutu yeyote hapa kama alishaona huyu anamaliza kintu."

Yule mzee aliyemwita mama wa mikate akacheka. Mwingine akacheka. "Ni kweli, tata, huyu hamalizake!" walisema kutoka kila upande. "Mama wa kesho, huyu!" Watu waliolala chini, wenye njaa, waliofukuzwa, walimcheka Godelieve kwa nguvu zao zote, na kila mmoja aliyecheka alikuwa anamvuta kutoka mkononi mwa yule kijana. Alilia mbele yao. Hakuwahi kuaibishwa hivyo, wala kupendwa hivyo.

Kijana naye alitabasamu, bila kumwachia bado. "Sawa. Na mutu wa hapa anatafuta nini kati yenu?"

Bilonda alimtazama Godelieve. Sura yake ilionekana kuzeeka.

"Ni monitrice mupya wa foyer," alisema. "Amekuja kupokea kazi. Kampuni imemutuma."

"Ni kweli?" kijana alimuuliza Godelieve.

Maisha yake yote, alipoulizwa anafanya kazi gani, Godelieve alikuwa na majibu mengi na hakuna lililotosha. Sasa lilitakiwa moja, mbele ya mwenye kazi, na mwenye kazi ndiye aliyempa.

"Ndiyo," alisema. "Mi ni monitrice."

Kijana akamwachia mkono, akavitupa vitambaa juu ya sanduku, wakaenda zao.

Bilonda alikaa. Alikunja kitambaa chake kidogokidogo, akakiingiza ndani ya blauzi, tumboni, akabana na mshipi. Kisha akatoa mfukoni makasi madogo yaliyofungwa kwa utepe, na sindano yenye uzi mweupe.

"Umesema ndiyo mbele ya bantu," alisema. "Kata."

"Mama, nikikosea haina dawa."

"Najua. Kata, kabla bwana yangu tata Tshilombo hayarudi na maji akaniuliza sababu gani nakufundisha."

Godelieve akakata. Kitambaa kilipasuka kwa sauti ndogo, na mahali peupe pakawa na mdomo. Bilonda hakumshika mkono. Alisema tu, hapa unageuza, hapa unavuta, usikaze, hapa unapumzika, kama alivyosema kwa miaka mingi, mpaka mfuko ukalala. Ulikuwa umepinda kidogo upande wa kulia.

"Imepinda," alisema Godelieve.

"Iko yako," alisema Bilonda. "Enda sasa. Mupe mutoto uji na karanga zilizosagwa, si unga mutupu. Na usirudi hapa. Leo nimekusemea, kesho sitakusemea."

*

Jumatatu Mukalay alimkuta Godelieve akingoja mlangoni mwa foyer tangu alfajiri. Alikuwa ametarizi jina lake Jumapili yote, Mwenze akimshikia taa ya mafuta chumbani penye giza, akimwambia kila mara kwamba linakaa sawa. Adolphine alikwenda misa ya kwanza na ya pili, na aliporudi alikuwa amevaa gauni la kawaida. Kanzu ya kijani aliikunja akaiweka chini ya kitanda.

Mukalay aliketi kwenye kiti cha monitrice, akafungua mkoba. Aliuliza jina la baba na kijiji cha baba. Godelieve akajibu, Kabongo. Aliuliza kijiji cha mama. Akajibu.

"Muzuri. Umepata kazi."

Godelieve alikuwa amekwisha kukunjua kitambaa. Alikuwa amekishika kwa ncha mbili, mbele ya kifua, upande wa mfuko ukimwelekea mkuu.

"Ah, ile," alisema Mukalay. "Weka tu pale." Na kwa kuwa meza ilikuwa na vumbi, aliweka chupa yake ya soda juu ya kitambaa.

Jioni ile, kwa kuwa mwezi ulikuwa unaisha, Mwenze alibeba gunia kichwani katikati ya mtaa, na watu walitoka kuangalia. Wengine walimpongeza, wengine waliingia ndani wakafunga. Walipika bukari, ugali wa unga ule, na kwa Rachelle wakapika uji wa karanga. Mtoto alikula hadi akalala na kijiko mdomoni. Mwenze alimbembeleza mkewe ale, na mkewe akala, kwa kuwa alikuwa na njaa, na njaa haingoji moyo utulie. Baada ya chakula alikwenda nyuma ya nyumba akatapika.

Treni ilikuwa imeondoka mchana. Alikuwa ameisikia akiwa foyer, akifagia.

*

Darasa lilianza na wanawake wachache, wengi wao wake wa vijana walioajiriwa juzijuzi kwenye nafasi za waliofukuzwa. Ukutani kulikuwa na mstatili mweupe kuliko ukuta mwingine, mahali kitambaa cha Bilonda kilipotundikwa. Godelieve hakutundika chake pale. Alikitundika upande mwingine, chenye duara la soda ambalo halikutoka hata kwa sabuni.

Alifundisha vizuri. Nalisema hili bila kumtetea. Alifundisha kushona, na mkate ulipomjia aliwafundisha mkate, na mtoto mmoja alipoanguka aliwaonyesha jinsi ya kufunga jeraha. Wanawake walimpenda upesi. Nywele za Rachelle ziliota tena nyeusi kwenye mizizi.

Miongoni mwao kulikuwa na binti mmoja aitwaye Abigaëlle, mwenye mikono myepesi na macho yasiyotulia. Siku moja alibaki nyuma wenzake wakikusanya vifaa, akasimama mbele ya meza, akizungusha sindano vidoleni.

"Mama monitrice, mi napenda kushona. Lakini napenda na kuoka. Na kusuka bantu nywele, na bwana wangu eko na pikipiki, ananifundisha kuifungua. Mama mukwe anasema nichague. Nichague nini?"

Wenzake wakanyamaza ili wasikie. Godelieve alijua jibu la foyer, alilisikia miaka mingi, na lilikuwa tayari mdomoni. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha Mama Bilonda, kwa kuwa hakukuwa na kingine. Aliinuka.

"Jifunza byote," alisema.

"Byote, mama?"

"Byote unapenda. Kintu moja tu usichague. Usichague kiti ya mutu angali muzima."

Wote pale walijua wanalala katika nyumba za nani. Abigaëlle alishusha macho kwenye kitambaa chake, na Godelieve, bado amesimama, akawaambia watoe makasi.